Timu ya Mikono

Mgeni alibisha hodi, akasubiri. Akabisha tena. Kupitia dirisha lililokuwa wazi alimwona mwenye nyumba vizuri kabisa: mwanamume mrefu, mabega mapana, amempa mgongo, anapiga pasi shati la kazi juu ya meza ya kulia chakula. "Hodi humu ndani," alisema mgeni, safari hii kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita uwanja mzima. Yule mwanamume aligeuza kola, akainyoosha kwa kidole, akaendelea na kazi yake.

Mgeni alikuwa na subira, ila si ya kuchezewa. Alikaa kwenye ngazi, begi lake katikati ya miguu, akaangalia njia. Hapo ndipo mke wa mwenye nyumba alipomkuta, akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji na mfuko wa vitambaa kwapani.

"Unamtafuta nani, kaka?"

"Nahodha. Huyu mnayemwita Komeo."

"Yumo."

"Najua yumo, namwona. Nimepiga hodi mpaka jirani wa nyumba ya tatu ameniitikia karibu."

Mwanamke aliinamisha uso. "Tusamehe, kaka. Siku hizi ndivyo alivyo." Alisema hivyo kama mtu anayeomba radhi kwa paa linalovuja, jambo ambalo mgeni hakupaswa kuliona lakini limeshamdondokea.

Mlango ulipofunguliwa, mwanga ulimwagika sakafuni na Komeo akageuka. Alitabasamu upesi, tabasamu la mtu aliyechelewa na hajui amechelewa nini.

"Mimi ni kocha mpya," alisema mgeni. "Nimefika leo asubuhi. Nimeona nianze na nahodha kabla ya wengine."

Kocha alikuwa na sharubu nene zilizoufunika mdomo wote wa juu, na maneno yake yalitokea nyuma ya nywele hizo kama nyuma ya pazia. Komeo alizitazama sharubu hizo kwa bidii.

"Ndiyo," alisema. "Karibu."

Mke alileta chai na mkate. Kocha alisogeza kikombe pembeni, akaanza kueleza alichokijia. Timu ilikuwa ya kiwanda cha mbao, na mji mzima uliijua kwa jina la utani: timu ya mikono. Kwenye ukumbi wa misumeno hakuna aliyeweza kusikia mwenzake, kwa hiyo wafanyakazi walizungumza kwa ishara. Kiganja juu, leta gogo. Ngumi, ngoja. Walipokwenda uwanjani jioni walikwenda na lugha hiyo hiyo. Mkono wa Komeo ukipanda, mabeki wote walipanda, na mshambuliaji wa timu pinzani akajikuta ameotea bila kusikia hata kikohozi. Kocha wa zamani, aliyekuwa mtu wa kiwanda pia, hakuwahi kuwafundisha mchezo huo. Aliukuta, akaupenda, akauacha. Mashabiki walitania kwamba mechi zao zilikuwa kama kukaa msibani, na bado walizijaza.

Lakini timu ilikuwa imeanza kusajili vijana wa nje, ambao hawakuwahi kusimama kando ya msumeno. Hao walipaza sauti wala hawakutazama mkono wa mtu. Timu ikawa na lugha mbili na magoli mengi ya kufungwa. Sasa ilikuwa ikining'inia ukingoni mwa kushuka daraja.

"Beki anayetafuta mkono wa mwenzake haoni mpira," alisema kocha. "Mimi nataka timu inayoongea. Kipa aongoze kwa sauti, ninyi mtoke kwa pamoja. Sasa niambie kama mwanamume: utaniunga mkono, au utanipinga?"

"Ndiyo," alisema Komeo.

Kocha alisubiri. "Ndiyo ipi?"

"Ndiyo kabisa."

"Anamaanisha yuko pamoja nawe, shemeji," mke alidakia, akicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kunywa chai, itapoa."

Kocha aliondoka akiamini kwamba amekutana na manahodha wengi wenye kiburi, ila huyu ndiye wa kwanza kumdharau kwa adabu namna ile.

Ukweli ni kwamba Komeo hakuwa akisikia. Msumeno ulikuwa umemla masikio polepole, sauti nyembamba kwanza, kisha za watu, na kwa kuwa kazini waliongea kwa mikono, na uwanjani vilevile, hakuna aliyegundua. Hata yeye alichelewa kugundua. Alipojua, alinyamaza. Kanuni ya kiwanda ilikuwa wazi: asiyesikia hakai kwenye msumeno. Aliwahi kumwona fundi mwenzake akihamishiwa kufagia vumbi la mbao kwa nusu ya mshahara, na watu wakimpita kama toroli. Kwa hiyo alijifunza kusoma midomo, kukaa mgongo ukutani na kuitikia kwa kichwa. Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mke huongea akiwa anatembea, anafagia, anakata uzi kwa meno. Mahali pekee ambapo Komeo alijua kila kinachosemwa ni katikati ya mstari wa mabeki, mikono ikipanda na kushuka kushoto na kulia kwake. Hapo tu ndipo alipokuwa na watu.

*

Mazoezini kocha aliweka sheria: anayeinua mkono, anazunguka uwanja.

Kipa aliipenda sheria hiyo kuliko wote. Alikuwa kijana wa nje, mwembamba, mdomo haufungi, na wenzake walimwita Redio. "Sasa mtanisikiliza," alisema, akivaa glavu. "Nimefungiwa betri mpya." Kocha aliwafundisha maneno matatu. "Toka," mstari mzima unapanda. "Mtu," kuna adui mgongoni mwako. "Peke yako," hakuna anayekukaba, geuka kwa raha zako.

Vijana wa nje walichangamka. Watu wa kiwanda walijikwaa siku ya kwanza, siku ya pili wakaanza kujibu, na kabla wiki haijaisha walikuwa wakiitana kama wauza mitumba, wakijicheka wenyewe. Mpira ulianza kutembea. Mtu mwenye haki asingekana: timu ilikuwa inapona.

Komeo pekee ndiye aliyebaki nyuma. Mstari ulipanda, yeye akapanda baada yao. Mkono wake ulijiinua wenyewe, filimbi ikalia, na mtu akamgusa bega kumwonyesha njia ya kuzunguka uwanja. Alizunguka tena na tena.

"Nahodha anajiandaa kwa marathoni," alisema Redio.

"Mwache mzee, anatafuta hewa," alijibu winga.

Komeo aliona meno yao, akacheka nao, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofanya anapoona watu wanacheka.

Mara moja alipokea pasi katikati ya uwanja, mgongo kwa wote. "Peke yako," ziliita sauti nne au tano kwa pamoja, "peke yako, Komeo, peke yako." Angeweza kugeuka na kutembea na mpira mpaka upande wa pili. Badala yake aliupiga mbele kwa pupa, ukatoka nje, akabaki ametazama chini. Kocha alisimama kando ya mstari, akipinda ncha ya sharubu. Aliamini anaona ukaidi.

*

Mechi ya Jumamosi ilikuwa na timu ya polisi. Dakika zilikuwa zimeyoyoma, hakuna aliyefunga, na sare ingewatosha kubaki katika daraja lao. Ikaja krosi kutoka kulia, ya juu, laini, mpira wa kipa kabisa. Redio alitoka langoni. "Wangu," aliita, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza maji nyuma ya jukwaa. "Wangu. Wangu." Wote walimwachia. Komeo aliruka, akaupiga kichwa safi, kichwa cha beki bora, ukampita Redio begani na kuingia wavuni.

Kilichofuata hakukisikia pia, lakini alikiona. Aliona Redio amepiga magoti, mikono kichwani. Aliona jukwaa limesimama, na vidole vinamwelekea yeye. Mtu mmoja kwenye mstari wa mbele alikuwa akisugua kidole gumba na cha shahada, ishara ya pesa, ambayo haihitaji masikio.

Bado kulikuwa na mechi moja ya mwisho ambayo ingeweza kuwaokoa, lakini mji haukuzungumzia hiyo. Ulizungumzia kwamba Komeo ameuza mechi.

Kibandani kwa mkewe, Jumatatu, alikuja mteja kuchukua gauni. Akalikagua mshono kwa mshono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Fundi, naona mwezi huu hutuhitaji sisi wa bei ndogo."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Shemeji amepata mfadhili. Mwambie akinunua gari atupe lifti."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri waliangalia kucha zao. Fundi alikunja gauni, akalitia mfukoni, akasema ahsante. Baadaye mtu alipita akaweka sarafu moja juu ya cherehani, "ya kuongezea," akaenda zake akicheka.

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe jikoni anaosha vyombo, ameinamia karai. Alisimama mlangoni. Alikuwa amelitayarisha swali hilo njia nzima, na aliona ni rahisi zaidi kuliuliza akiwa hamwoni usoni.

"Mume wangu, umeuza mechi?"

Komeo alisuuza sahani, akaisimamisha ikauke.

"Niambie tu. Kama umeuza, tutajua la kufanya. Mimi siwezi kulisikia jambo hili kwa wateja."

Akachukua sahani nyingine.

Mke alingoja mpaka karai lilipokwisha vyombo. Kisha aliingia chumba cha mtoto wao, aliyekuwa shule ya bweni, akatandika kitanda kile chembamba, akalala humo na mchana haujaisha. Komeo aligeuka akitaka kumwambia kitu kuhusu sabuni, akakuta mlango mtupu. Alikula peke yake. Aliona mlango wa chumba cha mtoto umefungwa, akasimama mbele yake muda mrefu, mkono umeinuliwa kama anataka kubisha. Lakini mtu atabishaje, kama hataweza kujua ameitikiwa au amefukuzwa?

*

Kocha alirudi kesho yake alasiri. Hakubisha hodi. Alizunguka upande wa dirisha, akasimama pale ambapo mwenye nyumba angemwona, akangoja. Komeo alipoinua macho, ilimchukua muda kumtambua. Sharubu zilikuwa zimenyolewa. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe kuliko uso wote, kama sehemu ya ukuta ilipotundikwa picha.

Walikaa mezani. Kocha alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Unanisoma?" aliuliza.

Komeo hakuitikia kwa kichwa. Alisema, "Umejuaje?"

"Sikulala, nikawa naitazama ile krosi kichwani. Hakuna beki anayeuza mechi akaruka vizuri namna ile. Anayeuza huteleza. Ndipo nikakumbuka siku ya kwanza hapa, na ile pasi ya 'peke yako'. Nilikuwa nakuzungusha uwanja, kaka yangu, kwa kosa la kutosikia."

"Uliweka sheria. Sheria ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri kwa timu. Kwako ilikuwa kama kukuzimia taa." Alisugua mdomo wake mtupu. "Nilidhani hii mikono mlifundishwa na kocha. Halafu nikadhani ni ukaidi wa kiwandani. Kumbe kuna mtu anaishi humo ndani."

"Nilijificha tu. Mikono ilikuwepo kabla yangu."

Kocha alimweleza kwamba kamati ya timu imemwita Komeo kesho, na wengi wanataka afukuzwe kwa aibu. "Nikiwaambia ukweli, jina lako litasafika hapo hapo."

"Usiwaambie." Komeo aliinama mbele. "Msimamizi wa kiwanda yuko kwenye kamati. Akijua, sina msumeno. Bora waseme nimeuza. Maneno yatapoa, mshahara nitaendelea kuupata."

"Na mkeo? Naye aseme umeuza?"

Komeo alitazama mlango wa chumba cha mtoto.

"Sitasema," alisema kocha hatimaye. "Nakuapia, hata wakininyonga. Lakini huyo mwambie. Haiwezekani mtu mzima akae ndani ya nyumba yake kama mpangaji."

*

Mkewe aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani ya nyumbani na kuanza kushona, mgongo mlangoni. Komeo alizunguka, akachuchumaa mbele yake, upande wa pili wa gurudumu, ili nyuso zao ziwe sawa.

"Sikusikia," alisema.

"Hukusikia nini?"

"Redio aliita 'wangu'. Sikumsikia. Na wewe sikusikii. Nikikuona mdomo napata nusu. Ukigeuka sipati kitu."

Mke alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Tangu lini?"

"Ilikuja kidogo kidogo. Muda mrefu."

Alimtazama kana kwamba anapekua sanduku, akitoa siku moja baada ya nyingine. "Mama alipofariki," alisema taratibu, "nilikuambia siwezi kukaa chumbani peke yangu. Nilikuambia njoo tu, usiseme kitu, kaa. Ulikuwa pale mezani. Ukaendelea kumenya chungwa."

"Sikusikia, mke wangu."

"Nilisema umenichoka. Nilimwambia mpaka dada yangu. Nimekuchukia mwaka mzima, wewe baba. Nimekuchukia bure." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia, akajifuta kwa kitambaa cha mteja bila kuona ni cha mteja. "Na jana? Nilikuuliza swali jana."

"Swali gani?"

"Basi," alisema. "Limeshajibiwa."

Walikaa hivyo, kila mtu upande wake wa cherehani. Kisha Komeo akamtajia wito wa kamati, na mke akauliza. Atafanyaje wakimhoji?

"Nitaitikia. Ukiitika kwa kichwa, watu wanaridhika."

"Hicho kichwa ndicho kilichonifikisha hapa. Niahidi jambo moja, dogo tu. Neno ambalo hujalisikia, usiliitikie. Kwangu, na popote."

"Msimamizi atakuwepo."

"Mkanda wa msumeno ukikatika nyuma yako, utausikia?"

Komeo hakujibu, na safari hii alikuwa amesikia.

"Naahidi," alisema baadaye.

*

Kamati ilikaa kwenye ofisi ya kiwanda, chumba kirefu chenye dirisha moja, na mwenyekiti alikaa mgongo kwa dirisha hilo, kwa hiyo uso wake ulikuwa kivuli. Komeo alipewa kiti mwisho wa meza. Msimamizi alikuwa kulia kwa mwenyekiti, shati limechomekewa, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Walizungumza kwa zamu, na Komeo alishika kipande huku, kipande kule: *polisi*, *aibu*, *nani alimlipa*.

Ndipo kocha aliposimama. Kwa makusudi alisimama upande wenye mwanga, akamwelekea Komeo wakati akiwajibu wengine.

"Bao lile ni langu," alisema. "Hawa watu wana mchezo wao, nami nikauvunja katika wiki chache. Nilimkataza nahodha kutumia kitu alichokizoea maisha yake yote, nikampeleka kwenye mechi. Kama kuna wa kulaumiwa, nipo hapa."

"Hakuna sababu nyingine?" aliuliza msimamizi. "Mtu mzima asikie kipa anaita, aruke?"

"Sina nyingine ya kukwambia."

Komeo alisoma kila neno kwenye mdomo ule mtupu. Aliona mtu akijifungia mlango kwa nje ili yeye abaki ndani salama.

Wanakamati walinong'onezana. Mwenyekiti aliinamia karatasi zake, akasema jambo refu kidogo bila kuinua kichwa. Alisema kwamba nahodha hana hatia, jina lake lisiguswe tena, na kwamba kocha, kwa maneno yake mwenyewe, akabidhi timu leo. "Nahodha, unaafiki?"

Nyuso zote ziligeuka mwisho wa meza. Komeo aliona macho yao yamelegea, aliona kocha amekunja mikono na kutazama ukutani, na akajua kwa sehemu kubwa kilichosemwa. Kichwa kimoja tu kuinama, na kila kitu chake kingerudi mahali pake: jina, mshahara, msumeno. Shingo yake ilikuwa imeshaanza safari. Aliizuia.

"Mwenyekiti," alisema. "Sijasikia."

Mwenyekiti alirudia, kwa ukali kidogo, bado ameinamia karatasi. Mtu mmoja aliguna. Msimamizi aliacha kuchezea kalamu, akamtazama Komeo kama anavyotazama mashine iliyobadilisha mlio.

"Bado sijasikia," alisema Komeo, na sauti yake, ambayo hakuweza kuipima, ilijaza chumba. "Nimekuwa sisikii muda mrefu. Inua uso, mzee, nikuone mdomo."